Ukaguzi wa vyumba vya hoteli: Mlango wa mgeni una bei yake

MLANGO unaofungwa ni bidhaa ambayo kila mwenye hoteli huiuza, ingawa haiandikwi kwenye stakabadhi. Mgeni hulipia kitanda, maji ya kuoga na chai ya asubuhi. Lakini anapogeuza ufunguo kwa ndani huwa anaamini kwamba hadi kesho yake chumba kile ni chake, na kwamba hakuna atakayeingia bila kupiga hodi.

Bidhaa hiyo imebadilika. Tangu mwishoni mwa mwaka 2017 kampuni kadhaa kubwa za hoteli nchini Marekani zimejiwekea haki ya kuingia chumbani hata kama mgeni ametundika kibao cha "Usisumbue". Zilifanya hivyo baada ya tukio lililozua madai ya mamia ya mamilioni ya dola. Wakati huohuo wamiliki wengine wa hoteli na moteli walijikuta wakidaiwa mamilioni kwa sababu iliyo kinyume kabisa, yaani kwamba mlango au kitabu cha wageni kilifunguliwa kwa urahisi mno.

Kwa mfanyabiashara mwenye gesti ya vyumba kumi, na kwa mwekezaji mdogo anayetaka kuweka akiba yake katika hisa za kampuni ya hoteli, suala hili ni la hesabu kama lilivyo la maadili. Hasara inaweza kuletwa na kutoingia chumbani, na inaweza kuletwa na kuingia. Ukizipitia kesi zilizokwisha kumalizika utaona kwamba kilichowaponza wengi ni kukosa utaratibu unaoeleweka: nani aingie, wakati gani, kwa sababu ipi, na mgeni aambiwe nini kabla hajalipa.

Dola milioni 800

Usiku wa Oktoba 1, 2017, mgeni mmoja wa hoteli ya Mandalay Bay mjini Las Vegas alivunja madirisha ya chumba chake, ghorofa ya 32, na kuwafyatulia risasi watu waliokuwa kwenye tamasha la muziki ng'ambo ya barabara. Waliokufa wakati huo walihesabiwa kuwa 58. Baadaye waliongezwa wengine wawili waliofariki miaka iliyofuata kwa majeraha yao, na hesabu ikawa 60. Mamia walijeruhiwa.

Polisi walikuta vyumbani mwa mtu huyo bunduki zaidi ya 20. Alikuwa amepanga hotelini hapo tangu Septemba 25, na silaha alizipandisha siku hadi siku ndani ya masanduku kama yale ambayo msafiri yeyote huyabeba.

Soko lilipofunguliwa siku iliyofuata, hisa za MGM Resorts, kampuni iliyokuwa ikiendesha hoteli hiyo, zilianguka kwa zaidi ya asilimia 5 katika Soko la Hisa la New York. Hiyo ilikuwa hasara ya kwanza. Majeruhi na ndugu wa marehemu walifungua kesi wakidai kwamba hoteli ilizembea kwa kutogundua kilichokuwa kikiendelea nyuma ya mlango uliofungwa.

Mwezi Julai 2018 kampuni hiyo ilifanya jambo lililowashangaza wengi. Ilikwenda yenyewe katika mahakama ya shirikisho dhidi ya wahanga zaidi ya 1,000, ikiomba itamkwe kwamba kisheria haiwajibiki kwao. Haikuwadai fedha, lakini lawama ilizozipata kwa wananchi zilikuwa kubwa. Kumpeleka mahakamani mtu aliyepigwa risasi ni jambo gumu kulieleza mbele ya wateja, hata kama wakili anaona lina mantiki.

Oktoba 2019 pande zote zilikubaliana kumaliza shauri nje ya mahakama kwa malipo ya kati ya Dola milioni 735 na milioni 800. Mwaka uliofuata, Septemba 2020, mahakama iliidhinisha malipo ya Dola milioni 800 kwa wadai wapatao 4,400. Kampuni za bima zilibeba Dola milioni 751 na MGM yenyewe ikatoa milioni 49. Kampuni haikukiri kosa.

Hesabu hiyo inafaa kutazamwa mara mbili. Karibu asilimia 94 ya mzigo ulibebwa na bima. Kampuni isiyo na bima ya madai ya wateja, au yenye bima iliyokatwa kwa kiwango cha chini ili kuokoa ada, ingekuwa imeuza majengo yake. Wamiliki wengi wa nyumba ndogo za wageni hukata bima ya moto na wizi wakaishia hapo, wakisahau kwamba mgeni mwenyewe, au jirani wa mgeni, anaweza kuwa mdai.

Kuna jambo la pili ambalo halikupewa uzito unaostahili. Mwaka 2018 kampuni ilieleza kwamba katika siku zote alizokaa mtu huyo, wafanyakazi wake walionana naye au kuingia chumbani kwake zaidi ya mara 10, na hawakuona lolote la kutia shaka. Kwa maneno mengine, mlango ule haukuwa umefungwa kwa muda wote. Watu waliingia, wakatoka, na masanduku yalikuwepo. Mhudumu aliyefundishwa kubadilisha shuka na kuhesabu taulo ataangalia shuka na taulo. Kuongeza idadi ya mara za kuingia chumbani, bila kumfundisha anayeingia aangalie nini, ni kuongeza gharama na usumbufu bila kuongeza usalama.

Kibao chabadilishwa maneno

Hata hivyo, hatua ya kwanza ya kampuni nyingi ilikuwa kuongeza mara za kuingia. Mnamo Desemba 2017 Disney ilianza kuondoa vibao vya "Usisumbue" katika hoteli zake za Florida na kuweka vingine vinavyosema tu kwamba chumba kina mtu. Pamoja na kibao hicho kipya ilitoa taarifa kwamba wafanyakazi wana haki ya kuingia angalau mara moja kwa siku, baada ya kugonga na kujitambulisha.

Nyingine ziliweka saa. Wynn ya Las Vegas ilitaja muda wa saa 12 tangu kibao kitundikwe. Hilton na Caesars zilitaja saa 24. Boyd Gaming na MGM zilichukua siku mbili mfululizo. Tofauti hiyo inaonyesha kwamba hakuna fomula ya kitaalamu iliyotumika. Kila kampuni ilipima aina ya wateja wake. Mji wa Las Vegas una wageni wanaocheza kamari usiku kucha na kulala mchana kutwa, na hoteli inayowaamsha saa nne asubuhi inawafukuza kwa mshindani wake.

Baada ya hapo likaja janga la Korona mwaka 2020, na hesabu ikavurugika tena. Kwa hofu ya maambukizi, hoteli ziliacha kusafisha vyumba kila siku, kisha zikagundua kwamba kufanya hivyo kunapunguza mishahara, sabuni na umeme wa kufulia. Mwaka 2021 Hilton ilitangaza kwamba katika hoteli zake nyingi za Marekani usafi wa kila siku utafanywa kwa mgeni anayeuomba tu. Hivyo kampuni ileile iliyokuwa imeweka ukaguzi kwa ajili ya usalama ikawa inaokoa fedha kwa kupunguza macho yanayoingia chumbani.

Chama cha wafanyakazi wa hoteli cha Las Vegas kiliona mwanya huo. Katika mikataba ya Novemba 2023 na kampuni za MGM, Caesars na Wynn, kilipata kifungu kinachorudisha usafi wa kila siku. Kwa chama, hiyo ni ajira. Lakini kwa mwenye hoteli pia kuna faida, kwani mhudumu mwenye ufagio na ndoo huingia bila kumtia mgeni hofu, huona kama chumba kina mgonjwa, bomba linalovuja au waya unaoungua, na mshahara wake tayari umo katika bei ya chumba. Mlinzi anayegonga usiku ni gharama ya ziada, na humwacha mgeni akijiuliza amekosa nini.

Aidha, usalama wa anayeingia nao una bei. Wahudumu wa vyumba, ambao wengi wao ni wanawake, huingia peke yao katika chumba chenye mtu wasiyemjua. Mwaka 2017 mji wa Chicago ulipitisha sheria ndogo inayozitaka hoteli kuwapa wafanyakazi hao kifaa cha kubonyeza ili kuita msaada, na mwaka 2018 kampuni kubwa za hoteli za Marekani ziliahidi kufanya hivyo katika maeneo mengine ya nchi. Mwenye hoteli anayemwagiza mhudumu akakague chumba chenye kibao cha "Usisumbue" anamwagiza kwenye mlango ambao mwenyewe ameshaona una mashaka. Kumtuma peke yake si haki, na akidhurika ni deni.

Walinzi wagonga, wateja wakasirika

Agosti 2018 mkutano mkubwa wa wataalamu wa usalama wa kompyuta, DEF CON, ulifanyika katika hoteli ya Caesars Palace. Wageni wa mkutano ule ni watu wanaojua thamani ya siri kuliko wengi, kwani ndiyo kazi yao. Walikuta walinzi wakigonga na kuingia vyumbani, na wengi wakalalamika hadharani. Kampuni ilijibu kwamba inakagua kila chumba ambacho hakijaingiwa na mfanyakazi kwa saa 24.

Malalamiko yale yalilenga zaidi namna ukaguzi ulivyofanywa. Mwanamke aliye peke yake chumbani, anayesikia wanaume wakigonga na kusema ni walinzi, atajuaje kwamba ni walinzi kweli? Sare hununuliwa, na kitambulisho huchapishwa. Akipiga simu mapokezi na mapokezi hawana habari za ukaguzi huo, hofu yake huongezeka. Utaratibu uliokusudiwa kumlinda mgeni huwa umemfundisha mhalifu maneno ya kusema mlangoni.

Agosti 2024, wakati wa mkutano huohuo, hoteli nyingine mjini humo, Resorts World, iliwapa wageni taarifa ya maandishi kwamba vyumba vitakaguliwa kila siku kwa sababu ya mkutano wa wadukuzi. Safari hii mgeni alijulishwa mapema, na hilo ni jambo la kusifiwa. Lakini taarifa hiyo ililaumiwa nayo, kwa kuwa ilionekana kuwanyooshea kidole watu wa kazi moja. Mteja hukubali kwa urahisi zaidi kanuni inayomhusu kila mtu, kuanzia mwenye chumba cha bei ya chini hadi mwenye sebule na kitanda cha kifalme.

Hasara ya namna hii haionekani kwenye mizania ya mwaka huo. Hakuna mstari unaosema "wateja waliokasirika". Hujitokeza miaka miwili au mitatu baadaye, pale mwandaaji wa mkutano anapopeleka maelfu ya usiku wa vyumba mahali pengine bila kueleza sababu.

Chumba cha jirani

Upande wa pili wa leja uko Nashville, jimbo la Tennessee. Septemba 2008 mtu mmoja alipiga simu hotelini, akapata uthibitisho kwamba mtangazaji wa michezo wa televisheni Erin Andrews angefikia hapo, akaomba chumba kinachopakana na chake, akapewa. Mtangazaji huyo hakuulizwa wala kuambiwa. Mtu huyo aliharibu tundu la kuchungulia la mlango wake, akampiga picha za video akiwa hana nguo, na picha hizo zikasambazwa katika intaneti.

Machi 2016 juri, yaani wananchi waliochaguliwa kusikiliza kesi hiyo, lilimpa Andrews fidia ya Dola milioni 55. Mhalifu alibebeshwa asilimia 51 ya lawama. Asilimia 49 iliyobaki, karibu Dola milioni 27, iliangukia upande wa mmiliki na mwendeshaji wa hoteli. Baadaye pande hizo zilimalizana kwa makubaliano ya siri.

Katika kesi hiyo hakuna mfanyakazi aliyevunja mlango. Kilichotolewa ni habari mbili tu, kwamba mgeni yupo na chumba chake ni kipi. Kwa mtu wa mapokezi lile lilikuwa ombi la kawaida la mteja, kama mtu anavyoomba chumba karibu na rafiki yake. Swali moja kwa mgeni wa kwanza, "Je, unamfahamu huyu?", lingeokoa mamilioni ya dola na, lililo kubwa zaidi, lingemwokoa binadamu na fedheha isiyofutika.

Kitabu cha wageni ni cha nani?

Suala la ukaguzi haliishii chumbani. Linafika kwenye kitabu cha mapokezi, na hapo ndipo wafanyabiashara wadogo walipoonyesha njia. Mji wa Los Angeles ulikuwa na sheria ndogo inayowataka wenye hoteli na moteli kutunza orodha ya wageni kwa siku 90 na kuionyesha kwa polisi wakati wowote wanapoitaka. Aliyekataa aliweza kufungwa hadi miezi 6 na kutozwa faini ya Dola 1,000. Kundi la wamiliki wa moteli, akiwemo Naranjibhai Patel, lilipinga mahakamani.

Juni 2015 Mahakama ya Juu ya Marekani iliwapa ushindi kwa kura 5 dhidi ya 4. Ilisema mwenye hoteli hawezi kuadhibiwa kwa kukataa kabla hajapewa nafasi ya kumpelekea mtu huru, kama hakimu, aamue kama polisi wana haki ya kuona kitabu. Mahakama ilitambua kwamba orodha ya wateja ni mali ya biashara. Mwenye duka hamwonyeshi kila mpita njia daftari lake la wadeni, na mwenye hoteli naye ana haki hiyo.

Uamuzi huo haukumkataza mwenye hoteli kutoa orodha kwa hiari yake. Lakini hiari nayo ina gharama, kama kampuni ya Motel 6 ilivyojifunza. Kati ya mwaka 2015 na 2017 baadhi ya moteli zake katika jimbo la Washington ziliwapa maofisa wa uhamiaji orodha za wageni bila hati ya mahakama. Wageni walioguswa walikuwa wapatao 80,000. Jimbo lilifungua kesi chini ya sheria za kumlinda mlaji na za kuzuia ubaguzi, na Aprili 2019 kampuni ikakubali kulipa Dola milioni 12.

Kuhusu chumba chenyewe, msimamo wa mahakama hiyo ni wa zamani zaidi. Mwaka 1964, katika kesi ya Stoner dhidi ya jimbo la California, karani wa hoteli alikuwa amewafungulia polisi chumba cha mgeni asiyekuwepo. Mahakama ilisema haki ile ilikuwa ya mgeni, na karani hakuwa na mamlaka ya kuitoa kwa niaba yake. Ilikubali pia kwamba mgeni anapopanga chumba huwa ameridhia wasafishaji na mafundi waingie kufanya kazi zao. Ridhaa hiyo ni kwa ajili ya ufagio na bomba, na haiendi mbali zaidi ya hapo.

Afrika Mashariki

Kesi za Marekani hazina nguvu ya sheria katika nchi nyingine, lakini misingi yake si migeni hapa. Ibara ya 16 ya Katiba ya Tanzania inalinda faragha ya mtu, maskani yake na mawasiliano yake. Ibara ya 31 ya Katiba ya Kenya inakataza kumpekua mtu, nyumba yake au mali yake kiholela, na kumtaka atoe habari zake binafsi pasipo ulazima. Kenya ilipitisha Sheria ya Ulinzi wa Data mwaka 2019. Tanzania ilipitisha Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, ikaanza kutumika Mei 1, 2023. Nchini Kenya faini ya kiutawala inaweza kufika shilingi milioni 5 au asilimia 1 ya mapato ya mwaka uliotangulia, kiasi kilicho kidogo kati ya hivyo.

Sheria hizo zinamgusa moja kwa moja mwenye gesti. Imezoeleka katika nyumba nyingi za wageni nchini Tanzania kukuta daftari kubwa juu ya kaunta, lenye mistari ya jina, kabila, kazi, atokako mgeni na aendako. Daftari hilo lina kazi yake halali, kwani vyombo vya usalama hulihitaji. Tatizo ni kwamba huachwa wazi. Mgeni wa kumi anapojaza mstari wake huwasoma tisa waliomtangulia, pamoja na namba za vyumba vyao. Mtu wa Nashville alihitaji kupiga simu ili kupata habari kama hizo. Kwenye kaunta ya gesti anahitaji kalamu tu.

Ipo pia haja ya kuchagua mahali pa kukagua kulingana na hatari yenyewe. Shambulio la Januari 15, 2019 katika hoteli ya DusitD2 jijini Nairobi, lililoua watu 21, lilifanywa na watu waliotoka nje na kuingia. Kufungua masanduku ya wageni waliolala vyumbani kusingelizuia. Hoteli yenye fedha kidogo ya ulinzi inapaswa kujiuliza kwanza hatari yake inatokea langoni, kaunta au chumbani, kabla ya kuajiri mtu wa kugonga milango.

Mambo ya kuzingatia

Kwa mwenye nyumba ya wageni, hatua zinazohitajika hazina gharama kubwa. Kwanza, kanuni ya kuingia chumbani iandikwe kwa lugha nyepesi kwenye fomu ya kupokelea mgeni, na itaje saa. Mgeni asiyeipenda atakwenda kwingine akiwa bado hajalipa, na huo ndio wakati mzuri wa kuachana naye.

Pili, wanaoingia wawe wawili, na mapokezi wajue. Desturi ya hodi inatosha kuwa utaratibu: gonga na useme jina na kazi yako, subiri, rudia hadi mara tatu. Mgeni akitaka kupiga simu mapokezi kuhakikisha, apewe nafasi. Moto, maji yanayofurika, kilio au mgonjwa asiyejibu ni dharura, na dharura haisubiri hodi ya tatu.

Tatu, ukaguzi uwe wa macho. Kufungua begi au kabati la mgeni ni upekuzi, na upekuzi ni kazi ya polisi wenye mamlaka ya kisheria. Polisi wakifika, mwenye gesti atii sheria ya nchi, lakini aandike jina la ofisa, kituo chake, saa, na hati aliyoonyesha.

Nne, ufunguo malaya, ule unaofungua vyumba vyote, uwekwe mahali pamoja na usainiwe kila unapotoka na kurudi. Likitokea dai la wizi au jambo baya zaidi, ukurasa huo wa saini ndio utakaosema nani aliingia. Bila ukurasa huo kila mfanyakazi ni mtuhumiwa, na mwenye mali anabaki kubahatisha.

Tano, kitabu cha wageni kifungwe. Kila mgeni ajaze karatasi yake, kisha karani ahamishie kwenye daftari. Anayeulizia mgeni kwa simu aombwe jina lake na ujumbe, na mgeni mwenyewe aamue kama atajibu.

Kwa mwekezaji wa hisa, maswali ni machache. Asome maelezo yanayofuata mizania ili kuona madai yaliyoko mahakamani na kiwango cha bima. Aulize fedha za mafunzo ya wafanyakazi zimepanda au zimekatwa. Na pale kampuni inaponunua nyingine, akumbuke kilichoipata Marriott. Iliinunua Starwood mwaka 2016, na mwaka 2018 ikagundua kwamba wadukuzi walikuwa ndani ya mfumo wa kumbukumbu za wageni wa Starwood tangu mwaka 2014, miaka miwili kabla ya ununuzi. Mwaka 2020 mdhibiti wa taarifa wa Uingereza aliitoza Marriott faini ya Pauni milioni 18.4. Anayenunua hoteli hununua pia kitabu chake cha wageni, pamoja na uzembe wote uliomo ndani yake.

Gharama za kuweka mambo haya sawa katika gesti ya vyumba kumi ni daftari moja la ziada, fomu zilizochapwa upya, na asubuhi moja ya kuwakalisha wafanyakazi na kuwaeleza. Mwenye mali anayeona fedha hizo ni nyingi na azilinganishe na ada ya wakili kwa siku moja ya kesi.